Korongo Hagongwi

Ilikuwa mwaka ule walipomwaga lami kwenye barabara ya stesheni. Hapana, nimeanza vibaya. Lami ilikuja baadaye, na wakati huo Mzee Kitambaa alikuwa keshaacha kazi, anayatazama yale magreda kutoka barazani kwake kama mtu anayetazama harusi ya jirani. Huu ninaousema ni mwaka wa kabla yake, mwaka wa vumbi, ambapo kila kitu kwetu kilikuwa na rangi moja, majani, mbuzi na kola za mashati. Kwa mtu mwenye kazi ya kusafisha bunduki, mwaka wa namna hiyo haumpi hata nafasi ya kukuna kichwa. Naam, ni huo wa vumbi.

Mzee Kitambaa alikuwa mtunza silaha wa kampuni ya ulinzi. Chumba chake kilikuwa nyuma ya ofisi, kina dirisha moja la nondo na kaunta ya mbao iliyolainishwa na viwiko vya walinzi. Humo mlinukia mafuta ya bunduki na soksi, maana walinzi walikuwa wanabadilishia viatu humo humo. Jina lake alilipata kwa kile kitambaa chekundu alichokiweka begani mwaka nenda mwaka rudi. Mke wake alikuwa anasema kile kitambaa ukikiweka juani kinaweza kuwaka chenyewe.

Alikuwa mtu mpole, hana makuu. Kwa jambo moja tu alikuwa na majivuno, nalo ni Korongo. Korongo ni bunduki ya marisau, ndefu, ubavuni imechongwa ndege mwenye miguu mirefu, na kwa ndege huyo walinzi ndiyo wakaipa jina. Kiwandani huko mbali huenda walikuwa na jina lao la kifahari, hakuna aliyejali. Mzee alizikuta Korongo pale siku ya kwanza alipoajiriwa akiwa kijana. Alizilea, akazeeka nazo. Bunduki za viwanda vingine alizipokea kwa ncha za vidole. Moja aliiita bomba la jikoni. Nyingine aliiita ya kuchezea watoto, na mlinzi aliyepangiwa hiyo alichekwa mpaka anafika lindoni.

"Mimi mke mwenza ninaye," mke wake alikuwa akiwaambia majirani. "Ni mwembamba, mrefu, mweusi, na hajawahi kuniomba hata chumvi. Baba watoto akitoka kwake anarudi kwangu ananuka mafuta yake, na haoni haya!"

Sasa, pale kazini palikuwa na utaratibu ambao mzee aliurithi kwa mtunza silaha wa kabla yake. Bunduki yoyote mpya ikifika, haiendi lindoni mpaka igongwe. Kugonga kwenyewe ni hivi. Unachukua ganda tupu la risasi, halina baruti wala marisau, limebaki na fataki yake tu, ile ya kuwasha baruti. Unaliingiza. Unafunga kile kijiti cha pembeni cha kuizuia bunduki isilie, ambacho walinzi wote walikuwa wanakiita breki. Halafu unakipiga kitako cha bunduki kwa nyundo ya mpira, huku na huku, kama anayemwamsha mgeni mvivu. Bunduki nzima hukaa kimya. Bunduki mbovu husema pa!, na ikishasema pa inarudi sandukuni.

Zote ziligongwa, isipokuwa Korongo. Mzee alikuwa amempa Korongo msamaha wa maisha. Enzi za ujana wake aliwahi kuwagonga, hakuna aliyelia, akaona ni utovu wa adabu kuendelea. "Korongo hagongwi," alikuwa anasema. "Mama mkwe akija kukutembelea, utampima homa mlangoni?" Walinzi wakacheka, na hivyo ndivyo sheria ilivyozaliwa. Mlinzi mpya akiajiriwa, kabla hajajua choo kiko wapi, alishaambiwa kwamba Korongo hagongwi.

Mwaka huo wa vumbi, bosi akaagiza Korongo wapya, maana wale wa zamani walianza kulegea vitako. Sanduku lilipofika, mzee alinawa mikono kwanza. Walinzi waliokuwa zamu wakajaa kaunta kuangalia.

Kifuniko kikatoka, shingo zikarefuka.

Kitako hakikuwa cha mbao. Kilikuwa cha plastiki, ile ya beseni, na ukikibonyeza kinalia nyeki. Parafujo moja ilikuwa imelegea, inacheza kwenye tundu lake kama jino la mtoto. Na yule ndege ubavuni alikuwa amechongwa upande, miguu haifiki chini. Katika bunduki iliyofuata, ndege hakuwa na kichwa.

"Mzee," akasema shemeji yake, "huyu korongo au kuku wa mayai?"

Shemeji huyo alikuwa mdogo wa mwisho wa mke wake. Alilelewa nyumbani kwa mzee tangu anatambaa. Sasa alikuwa mlinzi wa ghala la saruji, ana mke na mapacha wachanga, na mdomo usio na kufuli.

"Ni safari ndefu hiyo, shemeji," mzee akajibu, anaikaza parafujo kwa kucha. "Hata wewe ukifungiwa sandukuni hivi utatoka bila kichwa."

"Mimi nikitoka bila kichwa, dada atakudai wewe."

Wakacheka. Mzee naye alicheka, lakini cha mdomoni tu. Alizifuta zote kwa kile kitambaa chake, akazipanga ukutani, na nyundo ya mpira ikabaki imening'inia kwenye msumari wake. Moyo ulimwambia gonga. Akaujibu moyo kwamba akigonga leo, kesho walinzi watasema nini?

Shemeji akapewa mmoja wa wale wapya.

Haikupita wiki. Jioni, jua bado liko juu ya paa, walinzi wa mchana wanarudisha silaha. Uani kulikuwa na pipa lililojazwa mchanga, limelazwa kidogo, lina tundu. Mlinzi akirudi huingiza mdomo wa bunduki tunduni, anatoa risasi zake hapo, ili hata ikitokea bahati mbaya mchanga uimeze. Shemeji alikuwa kwenye foleni, mweupe kwa saruji kama mzimu. Aliyekuwa mbele yake alikuwa anahangaika na risasi iliyokwama. Shemeji akaiegemeza bunduki ukutani, akainama atoe saruji iliyomwingia kiatuni.

Bunduki ikateleza. Kitako kile cha beseni kikagonga sakafu ya saruji.

Ikalia.

Marisau yakapanda juu, yakapasua ukingo wa bati la banda la chai, mfereji wa maji ya mvua ukang'oka na kubaki unaning'inia. Mlinzi mmoja aliyekuwa anamimina chai akajimiminia pajani. Shemeji alibaki ameinama vile vile, kiatu mkononi, nywele za juu ya sikio zimeungua na zinatoa moshi mwembamba. Angeinama upande wa pili, hadithi hii ingekuwa ya matanga.

Mzee alitoka mbio. Kitu cha kwanza kilichomtoka kinywani, mbele ya walinzi wote, ni hiki:

"Umeacha breki wazi!"

"Breki nimefunga, shemeji."

"Usinifundishe Korongo mimi! Korongo halii na breki!"

"Nimefunga, nakwambia! Iangalie!"

"Niangalie nini? Nimewashika hawa kabla hujaota meno!"

Bosi alikuwa keshatokeza mlangoni, ana leso ya chakula bado shingoni. Alimwangalia shemeji, akauangalia mfereji, akamgeukia mzee. "Mzee wa silaha anasema ulikuwa uzembe?"

Mzee akanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kulikofanya kazi yote.

"Basi wewe kaa nyumbani mpaka nikuite," bosi akamwambia shemeji. Kila mtu pale alijua maana ya kukaa nyumbani mpaka uitwe. Hakuna aliyewahi kuitwa.

Watu walipotawanyika, mzee akainama kuiokota bunduki. Breki ilikuwa imefungwa. Imefungwa kabisa, imekaa mahali pake.

Kidole gumba chake kilikuwa juu yake pale pale. Kukisukuma kile kijiti kidogo tu, mambo yangebaki kama alivyosema, na hapakuwa na jicho lililomwona. Halafu akaingia ndani bila kugusa, akafunga mlango, akaitoa ile nyundo msumarini.

Alimgonga wa kwanza. Pa. Akamgonga wa pili. Pa. Wa tatu alikaa kimya, mzee akamshukuru Mungu, akampiga tena upande wa pili. Pa! Walio wengi katika sanduku lile walikuwa wanalia kama chungu cha bisi. Akaifungua moja, akatazama ndani. Kuna kijino humo, kazi yake ni kushika kidude kinachoipiga risasi, basi, hakina kazi nyingine duniani. Kilikuwa kimekatwa hovyo, kimepinda, kama mtu aliyekikata alikuwa anaongea na mwenzake.

Mzee aliketi juu ya sanduku. Hasira ilikuwa bado haijafika. Kilichotangulia kilikuwa dharau, na dharau kwa kitu ulichokipenda ina ladha mbaya sana mdomoni. Akamtazama yule ndege asiye na kichwa, akamwambia kwa sauti, "Mpumbavu wewe."

Nyumbani alikuta chakula kimefunikwa na mke wake amempa mgongo.

"Mdogo wangu amekuja hapa amenyamaza," mke akasema. "Yule mtoto! Toka azaliwe sijamwona amenyamaza. Ana mapacha wale. Ukimfukuzisha kazi kwa ajili ya yule ndege wako, ujue umekwishachagua, na mimi nitajua nimeolewa na nani."

"Breki ilikuwa imefungwa," mzee akasema.

Mke akageuka. "Umesema?"

"Ilikuwa imefungwa. Korongo ni mavi ya kuku."

Hakuwahi kutukana ndani ya nyumba ile. Mke wake akamsogezea chakula.

Asubuhi alimwendea bosi. Bosi alimsikiliza huku anachokonoa meno. "Mzee, jana ulisema wazi mbele ya watu. Leo umelala na dada wa mtu, unasema vingine. Mimi nishike lipi?"

"Shika bunduki, bosi. Njoo nikugongee usikie."

Bosi hakutaka kugongewa. Lakini hakuwa mtu mbaya, na tena aliogopa mfereji mwingine usije kuning'inia juu ya gari lake. Akamwita wakala wa Korongo.

Wakala alikuja na viatu vilivyochongoka, anavikanyagisha vumbi kwa huruma. Alikuwa mtu wa tabasamu. Alimshika mzee mkono kwa mikono yote miwili, akamwambia ni heshima kubwa kukutana na mtumiaji wa siku nyingi, akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka mzee akataka kujifuta. Halafu akatoa mfukoni kifuko cha vispringi vidogo.

"Tunafahamu kuna malalamiko madogo madogo," akasema. "Badilisha hivi, mzee wangu, utaona."

Mzee akabadilisha, wakala akiwa amesimama pale pale. Akagonga. Pa.

"Umegonga kwa nguvu," wakala akasema.

Akagonga taratibu. Pa.

"Mafuta unayotumia ni ya aina gani?"

"Haya haya niliyowapaka babu zake."

"Ndiyo shida. Hizi za sasa zina mafuta yake."

"Na kijino hiki kilichopinda, nacho kimepindishwa na mafuta?"

Wakala akakiinua kijino juani, akakitazama kwa upole, kama daktari anayetazama ulimi. "Hiki kiko ndani ya kiwango."

"Kiwango cha nini?"

"Kiwango cha kiwanda, mzee wangu. Kila kitu kina kupungua na kuzidi. Muhimu ni namna ya kushika. Bunduki hailii yenyewe, lazima kuna mkono."

"Kulikuwa na ukuta," mzee akasema, "na kiatu kina saruji. Mkono ulikuwa kiatuni."

Wakala akatabasamu. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwaibisha, ni kama kumwagia bata maji. Alimgeukia bosi, akasema kampuni yao ina jina duniani, haiwezi kuchafuliwa na mlinzi mmoja mwenye vumbi, na bosi akaitikia kwa kichwa polepole. Bosi alianza kuonekana ameridhika. Mzee akaona kwa macho yake kazi ya shemeji inaondoka na viatu vile vilivyochongoka.

Saa ya kubadilishana zamu ilikuwa imefika. Walinzi walikuwa wamejipanga uani, wanasubiri. Shemeji naye alikuwepo, ameitwa kurudisha sare yake. Ameshaikunja, ameibeba kwapani.

Mzee akatoka na Korongo mmoja mkononi na nyundo katika mkono wa pili.

"Sikieni," akasema. Sauti yake haikuwa ya kuhutubia, waliokuwa nyuma walisogea. "Jana nimemwita huyu mzembe mbele yenu. Breki ilikuwa imefungwa. Mimi ndiye niliyeikuta imefungwa, na nimekaa nayo usiku kucha. Na miaka yote nimewafundisha kwamba Korongo hagongwi. Haya. Tumgonge."

Akaweka ganda tupu. Akafunga breki, akawaonyesha wa mbele, akawaonyesha wa nyuma, akamwonyesha bosi. Kisha akampa shemeji nyundo.

"Gonga wewe."

"Mimi, shemeji?"

"Gonga. Usimwonee haya, si mama mkwe tena."

Shemeji akaiweka sare chini, akagonga. Pa! Bosi akaruka nyuma, akamkanyaga wakala kiatu.

Uani pote kicheko. Ndipo mmoja akatoka mstarini, akaiweka Korongo yake juu ya kaunta, akaomba lile bomba la jikoni. Mwingine akaomba ile ya kuchezea watoto. Wakafuatana hivyo, hakuna aliyeambiwa afanye, mpaka ukuta wa Korongo wapya ukajaa tena na bunduki zilizodharauliwa miaka yote zikatoka kwenda kazini, zimebebwa kama mabibi harusi.

Bosi akakohoa. "Na wewe vaa sare yako," akamwambia shemeji. "Nani aliyekwambia uivue?"

Shemeji alivaa pale pale, vifungo vimepishana. Halafu mdomo wake ukarudi. "Shemeji," akasema, "kwa hiyo sasa dada amebaki peke yake nyumbani? Mke mwenza keshaachika?"

"Talaka tatu," mzee akasema.

Lakini hakucheka. Alikuwa anamfuata wakala, aliyekwisha kuanza kuelekea kwenye gari lake, anajifuta kiatu kwa karatasi. Mzee alimshikia mlango wa gari kwa adabu zote, kama anayemsindikiza mgeni.

"Mwanangu, nina swali dogo. Langoni kwenu, pale ofisini kwenu mjini, mlinzi wenu anashika bunduki gani?"

Wakala akavaa miwani ya jua. Akasema yuko mbioni, na kwamba mzee awe na siku njema. Gari likaondoka, likawaachia vumbi.

Wale Korongo walikaa sandukuni mpaka mzee anaacha kazi. Bosi aliwaandikia kiwandani mara nyingi wazichukue, wakajibu kwa heshima kubwa na hawakuzichukua. Mzee aliendelea kuzigonga kila mgeni alipotembelea chumba chake, si kwa kutaka kujua. Alitaka tu kuzisikia zikijitukana zenyewe. Walinzi wapya walifundishwa mengine. Mlinzi akileta maneno ya kujisifu, wenzake walimwambia, "Ngoja tukugonge."

Baada ya kustaafu, mke wake alimtuma mjini kununua taa, na njia ikampitisha mbele ya ofisi ya wakala. Sijui kama ni njia iliyompitisha au ni yeye aliyeipitisha njia. Jengo lilikuwa na vioo, na juu ya lango yule ndege amechorwa mkubwa, ana kichwa na miguu yote imefika chini. Mlinzi wa langoni alikuwa kijana nadhifu. Bunduki yake ilikuwa ndani ya mfuko wa turubai, imefunikwa kuanzia kitako mpaka mdomo, imefungwa na kamba.

Mzee alisimama kivulini, akamsalimia. Kijana akaitika vizuri, "Marahaba—eh, samahani, shikamoo mzee," na wote wawili wakacheka. Wakazungumza habari za kazi, za viatu vinavyobana, za kusimama kutwa. Mzee akamwambia kwamba naye alikuwa mtu wa silaha. Kijana akamheshimu zaidi.

Halafu mzee akaunyooshea kidole ule mfuko. "Humo ndani, mwanangu, ni Korongo?"

Kijana akaangalia juu ya lango, akaangalia vioo vya ofisi. Akaivuta kamba, akalikaza fundo.

"Mzee," akasema, "jua limekuwa kali."

"Limekuwa kali, ndiyo. Lakini nakuuliza wewe, unayeibeba kutwa nzima: ni Korongo, au ni nini?"